Nguzo za Ua wa Bi Harusi: Udongo, Kokoto au Zege?



Tunapomuandaa mwali tunamhesabia mengi: doti za kanga, udi, liwa, hina ya mkono na ya mguu, sanduku, kitanda, vyombo vya jikoni. Sijawahi kuhudhuria singo hata moja ambayo somo alimkalisha mwali akamueleza nguzo ya ua inasimamishwa vipi ardhini. Na ua huo ndio utakaomuwezesha kuvua mtandio akapika, akaoga, akatia udhu na kuanika nguo zake bila ya jicho la mpita njia kumfikia. Ua ukilala, sitara nayo imelala.

Hili nimelijua vizuri Chiwanda. Mdogo wangu wa mwisho aliolewa huko, mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoa wa Ruvuma. Zamani tungesema wilaya ya Mbinga. Tangu 2012 upande wa ziwani umekuwa wilaya yake, Wilaya ya Nyasa, makao makuu yake Mbamba Bay. Kwa sisi wa Unguja ni safari ya kweli: boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Songea, kisha Mbinga, halafu unateremka milima ya Umatengo mpaka ziwa linakufungukia mbele. Kwa ukubwa ni ziwa la tatu Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika, na kina chake kinafika karibu mita 700. Mpaka wa Msumbiji hauko mbali, na ng'ambo ya maji ni Malawi.

Mume wa mdogo wangu kazi yake iko Songea, nyumbani anarudi siku chache kwa mwezi. Kwa hiyo bi harusi alikuwa anakwenda kukaa na mavyaa wake kwenye nyumba iliyo kando ya njia ya ziwani. Asubuhi na jioni njia hiyo haina nafasi: wavuvi, watoto wenye madumu, wanawake wenye karai za usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Ua wa zamani wa matete ulikuwa umeinama upande mmoja kama mtu aliyechoka, na nguzo tatu zilikuwa zimekatika usawa wa ardhi. Mdogo wangu alioga usiku tu wiki nzima ya mwanzo. Alitenga fungu katika mahari yake ili asimamishe ua mpya, akaniomba nibaki naye mpaka umalizike.

Watu watatu, rai tatu

Fundi alikuja, akapima, akahesabu nguzo 24. Rai yake: zote zitiwe zege. "Zege halina mjadala, dada. Ukitia saruji umemaliza."

Mavyaa alisikiliza mpaka fundi alipoondoka, ndipo akasema kuwa chanja zao za kuanikia usipa zimesimama miaka mingi na hazijawahi kuonja saruji. Kwake yeye kununua mifuko ya saruji ili kuzika mti ni kuzika fedha. Na nadhani kulikuwa na jambo jengine ambalo hakulitamka: ule ua wa zamani aliusimamisha marehemu mumewe. Mgeni wa wiki moja kuleta fundi na saruji ni kama kusema kazi ya marehemu haikuwa kazi.

Wa tatu ni mume, aliyesema kwa simu, "Fanyeni mtakavyoona." Wenye ndoa mnaijua jumla hiyo. Maana yake uamuzi ukiharibika si wake.

Basi bi harusi alikuwa na fedha ya mifuko miwili ya saruji, fundi anayetaka sita, na mama mwenye nyumba asiyetaka hata mmoja. Hapo hapo alitakiwa afanye uamuzi wake wa mwanzo ndani ya nyumba ya watu. Akichagua vibaya, hasara ya fedha ndiyo ndogo. Kubwa ni neno litakalobaki: "Si tulimwambia?"

Tuliuliza ardhi kwanza

Kabla ya kuchagua upande, mdogo wangu alitaka kujua ua unasimama juu ya nini. Tukachimba vishimo vitatu vya majaribio. Tulichukua udongo kidogo kutoka kila kimoja, tukaulowesha na kuusokota kiganjani. Ukisokoteka ukawa kama tambi isiyokatika, huo ni mfinyanzi. Ukikumumunyuka kabla haujawa chochote, ni mchanga. Ukisokoteka kidogo kisha ukakatika, uko baina yao, na ndio mzuri zaidi kwa kushindilia.

Kisha tukavijaza maji jioni. Upande wa ziwani maji yalizama tukiwa tunatazama. Upande wa mlimani, nyuma ya nyumba, asubuhi tulikuta bado yamesimama. Kiwanja kimoja, hatua thelathini baina, ardhi mbili tofauti kabisa. Hapo tayari tulijua kwamba jawabu moja kwa nguzo 24 halitakuwa sahihi, liwe la fundi au la mavyaa.

Hili linafaa popote ulipo. Kule Makunduchi na sehemu kubwa ya kusini ya Unguja, ardhi ni uwanda wa mawe. Unachimba kwa mtalimbo na nguzo unaibana kwa mawe hayo hayo. Kwenye mashamba ya udongo mwekundu ni habari nyengine. Usichukue jawabu la jirani bila ya kuuliza ardhi yako.

Mti unaozea wapi?

Tulizitazama zile nguzo tatu zilizokatika. Sehemu iliyokuwa chini kabisa ilikuwa bado ngumu. Sehemu ya juu ngumu. Iliyooza ni pale kwenye uso wa ardhi, kiasi cha shubiri moja. Ndivyo miti inavyooza karibu kila pahala: pale unyevu wa udongo unapokutana na hewa ndipo ukungu unapopata chakula na pumzi pamoja. Chini sana hewa ni haba, juu sana unyevu ni haba.

Na nguzo mbili kati ya hizo tatu zilikuwa pembeni ya pahala pa kutilia udhu. Tafakari hapo, dada yangu. Udhu mara tano kwa siku, watu watatu wanne nyumbani, na kila mara maji yanamwagika chini ya mti ule ule. Hakuna mvua inayonyesha mara tano kila siku mwaka mzima. Mti wa karibu na maji ya udhu na bafu ndio wa kwanza kufa, nao ndio unaositiri pale ambapo sitara inahitajika zaidi.

Kwa hiyo kitu unachokitia shimoni kina kazi mbili: kuibana nguzo isiyumbe, na kuyaondosha maji yasikae kwenye mti. Kila rai tuliipima kwa kazi mbili hizo.

Zege

Zege linabana vizuri kuliko vyote. Nguzo za lango zinavutwa kila siku na mlango, nguzo za pembe zinavutwa na pande mbili, na kwenye mchanga mtupu kuta za shimo zinamomonyoka. Huko zege lina haki yake.

Lakini likitiwa vibaya linaua mti. Fundi akichimba shimo, akasimamisha nguzo na kumwaga zege mpaka chini yake, anakuwa amejenga bakuli. Mti ukikauka unasinyaa kidogo, unaacha ufa mwembamba baina yake na zege, maji ya mvua yanateremka humo na hayana pa kutokea. Jirani mmoja alikuwa na ua wa namna hiyo. Nguzo zilikatika zote juu ya zege baada ya miaka michache, na visiki vya zege vilibaki ardhini, vikawa vinamtoa damu kila mtoto anayekimbia. Kuviondoa kulikuwa kazi kuliko kusimamisha.

Namna ya kuliweka sawa si ngumu. Chini ya shimo tia kokoto kiasi cha inchi nne mpaka sita, usimamishe mti juu yake, ili maji yapate njia ya kuteremka. Zege lizunguke ubavu tu. Juu limalizikie kidogo juu ya ardhi, lipigwe mteremko kutoka kwenye mti kwenda nje, kama bega la mtungi, ili maji yamwagike mbali. Usiufunge mti kwa nailoni ukidhani unaukinga. Nailoni inafungia unyevu ndani. Na usikubali fundi amwage saruji kavu shimoni na kukwambia itakunywa maji ya ardhini. Itaganda mabonge, pahala pagumu pahala unga.

Kipimo cha kawaida ni karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Kwa kipimo hicho, mfuko mmoja wa kilo 50 ulitutoshea mashimo manne ya upana wa futi moja na zege la kina cha futi mbili. Mchanga wa Ziwa Nyasa una faraja moja kwetu tuliozoea bahari: maji yake ni baridi, hayana chumvi. Mchanga wa pwani ya kwetu ukiutia kwenye zege lenye nondo, chumvi inazila nondo polepole. Hata hivyo mchanga mwembamba wa ufukweni haufai peke yake. Tulichanganya na mchanga mnene wa mtoni.

Kokoto

Shimo likijazwa kokoto peke yake na kushindiliwa, maji hayakai kabisa na mti unapumua. Sharti ziwe kokoto zilizopondwa, zenye pembe, maana pembe zinashikana. Vile vijiwe vizuri vya mviringo vya ufukweni vinateleza vyenyewe kwa vyenyewe kama shanga. Ukishindilia leo, kesho vimelegea. Sisi tulinunua kwa wanawake wanaoponda mawe kwa nyundo, debe kwa debe, na fedha ikabaki mikononi mwa wanawake wenzetu.

Kwenye mfinyanzi, lakini, kuna tahadhari. Shimo la kokoto ndani ya udongo usiopitisha maji ni kisima kidogo. Ukiwa kwenye ardhi kama hiyo, chimba kijifereji cha kuyatoa maji upande wa mteremko, au funika juu kwa tabaka la udongo ulioshindiliwa na kuinuliwa.

Udongo wa kushindilia

Hapa ndipo mavyaa alipotufundisha. Watu wengi hurudisha udongo wote shimoni kwa mara moja, wakakanyaga kwa mguu, wakaenda zao. Nguzo hiyo lazima iyumbe. Yeye aliagiza udongo wa kichuguu, na tena kichuguu kilichohamwa, maana kilicho hai ni kumkaribisha mchwa nyumbani. Akachanganya na kokoto, akanyunyizia maji mpaka udongo ukishikwa kiganjani unagandamana bila kuchuruzika. Kisha alitia tabaka la kina cha kiganja, akashindilia kwa mchi mpaka sauti ikabadilika kutoka *pu* kuwa *ko*. Ndipo tabaka jengine. Shimo moja lilitwaa nusu saa. Alipomaliza nilijaribu kuisukuma nguzo ile kwa mabega yangu mawili, haikunijali.

Fundi naye alikuja kuisukuma. Akacheka, akamwambia, "Mama, hii umeniweza."

Uamuzi wa bi harusi

Usiku ule mdogo wangu alichukua karatasi akachora ua wake. Nguzo mbili za lango, nne za pembe na mbili za pahala pa udhu na bafu: nane. Mifuko miwili ya saruji kwa mashimo manne kila mmoja: nane. Hizo akampa fundi. Nguzo kumi na sita zilizobaki akamkabidhi mavyaa wake, kwa kokoto na udongo wa kichuguu, na akamuomba yeye ndiye awasimamie vijana wa kushindilia. Hakusema nani kashinda. Alisema, "Mama, hizi ni zako, mimi sina ujuzi wako." Na ilikuwa kweli.

Mavyaa aliikalia kimya karatasi ile kwa muda. Kisha akauliza jambo moja tu: nguzo ya pembe iliyosimamishwa na marehemu, ambayo bado ilikuwa nzima, je, itang'olewa? Mdogo wangu akasema itabaki, na ua mpya utafungwa kwayo. Zege la pembe ile likahamia kwenye nguzo ya jirani yake. Sijui kama kuna kitabu cha ujenzi kinachofundisha hilo, lakini kuanzia siku hiyo mama yule alimwita "mwanangu", na hakurudi tena kwenye "mgeni wetu".

Mengine ya kuzingatia

*Kina.* Ua wa urefu wa futi sita unataka si chini ya futi mbili na nusu ardhini. Kwenye mchanga ongeza. Nunua miti kwa hesabu hiyo. Ukinunua mifupi ukadhani saruji itafidia kina, upepo utakufunza. Ziwani kuna upepo mkali wa kusi, upande wa Malawi wanauita mwera, na ua wa matete mbele ya upepo huo ni tanga.

*Subira.* Nguzo za zege tulizifunika magunia yaliyoloweshwa siku saba, na hatukufunga matete kabla ya hapo. Zege linaendelea kukomaa mpaka kama siku 28.

*Aina ya mti.* Sisi kwetu tumezoea boriti za mikoko na makuti ya kumba. Bara utapata mikaratusi. Iliyotiwa dawa kiwandani, kama ile ya nguzo za umeme kutoka upande wa Mafinga, inadumu sana kuliko mibichi. Ukiikata ncha, usizike upande ulioukata, maana umekata dawa. Mninga unastahimili mchwa, lakini bei yake ni ya vitanda, na ukataji wake unataka kibali. Mwanzi usiotiwa dawa usiuzike. Oili chafu wengi wanapaka. Inachafua ardhi na maji na kinga yake si ya kutegemea, na karibu na pahala pa udhu sisi hatukuitaka.

*Nguzo zinazoota.* Mbono ukipandikiza kijiti chake kinaota, na baada ya misimu miwili mitatu una uzio ulio hai ambao mbuzi hawaugusi. Mdogo wangu amepanda baina ya nguzo za nyuma. Mnyaa nao unaota, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, na nyumba ya bi harusi inatarajia watoto, in shaa Allah. Mbegu za mbono pia zina sumu, kwa hiyo watoto wafunzwe mapema.

*Maji ya udhu.* Tulichimba shimo la mawe na kuyaelekeza maji huko, mbali na nguzo. Hiyo ndiyo kazi ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo ninayoamini itaongeza miaka mingi zaidi.

*Njia za watu.* Ua wetu tuliurudisha ndani hatua moja ili njia ya ziwani isibanwe. Sitara yako isiwe udhia kwa wengine, na visiki vya ua wa zamani vyote vikang'olewa.

*Shughuli ya siku moja.* Kwa turubai la harusi usitie zege. Nguzo ibanwe kwa mawe na udongo ulioshindiliwa, au isimamishwe ndani ya ndoo ya mchanga kwenye sakafu, kisha uwanja urudishwe kama ulivyoukuta.

Mvua ziliposema

Mvua za huko ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Disemba mpaka Aprili hivi. Ukishuka kutoka Mbinga unaona mashamba ya ngoro ya Wamatengo, vishimo vilivyopangwa mlimani kama sega la nyuki, kuyashika maji yasiondoke na udongo. Shimo la ngoro linataka kuyashika maji. La nguzo linataka kuyaachia. Nilikuwa nimesharudi Unguja, na kila nikisikia habari za mvua Ruvuma nilikuwa napiga simu.

Nguzo nane za zege zilisimama. Kumi na nne kati ya zile kumi na sita zilisimama. Mbili za upande wa mfinyanzi, pale maji yalipokuwa hayazami, zililegea. Mavyaa na mkwewe walichimba kijifereji, wakazishindilia upya wenyewe, asubuhi moja, bila ya fundi. Alhamdulillah.

Basi, mwali wangu unayesoma ukihesabu doti zako, ongeza mstari mmoja kwenye orodha: ua. Uliza nyumba unayokwenda ina sitara gani, ardhi yake ni ya namna gani, na nani huko anajua kuishindilia. Saruji ipeleke inapohitajika, kokoto inapohitajika, na heshima kwa mwenye nyumba kila pahala. Allah azitie baraka nyumba zenu, azisitiri, na azipe nguzo zisizoyumba. Amin.